Mzee Taratibu na Wawili wa Gari Moja

Jioni ya tarehe 30 ya mwezi huu, Mzee Taratibu atazima injini ya basi dogo la studio kwa mara ya mwisho, atalipapasa ubavuni kama anavyolipapasa kila siku, kisha atakabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya kuwabeba wanamuziki, ala zao na hasira zao. Hakuna mwingine kati yetu aliyedumu hapa muda huo. Hata jengo hili tulilomo, studio ilihamia yeye akiwa tayari ana kiti chake cha kukalia.

Jina lake halisi analo mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mzee Taratibu, kwa sababu hajawahi kuonekana akilipita gari la mtu barabarani, isipokuwa lile lililoharibika, na hilo nalo alisimama kwanza akalijulia hali.

Wasiojua alivyoajiriwa na wajue leo. Madereva watatu waliitwa kwa majaribio, kila mmoja akapewa spika mbili kubwa azitoe bohari azilete studio. Wawili walifika mapema, wakakaa wakisubiri kusifiwa. Yeye alifika wakati mkurugenzi wa siku zile anafunga mlango aende zake. Alipoulizwa amechelewa kwa nini, alijibu, "Bosi, aliyechelewa ni mimi. Spika zako zimefika kama zilivyoondoka." Zikawashwa zote. Za wale wawili zilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga. Za kwake ziliimba. Kesho yake akaanza kazi.

Basi lenyewe tunaliita Bibi Harusi, kwa kuwa haliondoki mpaka lisindikizwe na watu wengi. Tumelisukuma sote: waimbaji waliovaa nguo za jukwaani, mhasibu na viatu vyake vya ngozi, hata mkurugenzi wetu wa sasa, siku moja mbele ya wageni. Mzee hukaa kwenye usukani akitushangilia. Ala za muziki zina heshima kuliko sisi ndani ya gari lile. Ngoma hufungwa mkanda. Maikrofoni hufunikwa blanketi. Binadamu huambiwa, "Wewe shika hapo." Katika miaka yote hiyo gari limepata mkwaruzo mmoja tu, na siku hiyo aliyekuwa akirudisha nyuma ni mkurugenzi. Mzee aliuzungushia ule mkwaruzo duara la chaki, na kila mvua ikiifuta chaki huichora upya.

Kuna jambo moja lakini ambalo sifa za kuagana haziwezi kulifunika, nami sitajaribu. Mzee Taratibu anapenda kuimba, na sauti yake ina kutu. Kwaya ya mtaani kwao ilimwomba kwa adabu zote awe mlinzi wa viatu mlangoni. Hapa kwetu ilibidi mlango wa chumba cha kurekodia ubandikwe tangazo ambalo lipo mpaka leo: "KIMYA, TUNAREKODI. MZEE TARATIBU, HATA WEWE." Mke wake nyumbani anasema angeolewa naye mapema zaidi kama asingekuja kumwimbia dirishani.

Sasa nifike kwenye ile ziara, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Mwaka juzi studio iliamua kurekodi albamu ya nyimbo za jadi, moja kwa moja jukwaani, mbele ya watu, katika kumbi nne za miji minne. Waimbaji walikuwa wawili, mtu na wifi yake. Mzee ndiye aliyewapa majina: Wifi Mrefu na Wifi Mfupi. Wifi Mrefu ni binti wa marehemu mama mmoja mshonaji. Wifi Mfupi aliolewa na kaka yake Wifi Mrefu, akaishi na yule mama mpaka siku zake za mwisho. Mama huyo ndiye aliyekuwa na nyimbo. Aliimba akishona, naye alizigawa kwa akili: binti akamfundisha kuanzisha, mke wa mwanawe akamfundisha kupokea. Hakuna kati yao aliyefundishwa wimbo mzima. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Nikiwapa wote kila kitu, mtaitana kwa ajili gani?"

Mama alipofariki, waliacha kuitana. Sababu ilikuwa cherehani yake. Wifi Mfupi aliibeba kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Wifi Mrefu aliidai kwa kuwa ndiye binti wa kumzaa. Hakuna anayejua kushona kati ya hao wawili. Cherehani yenyewe ilikuwa imewekwa pembeni mwa kitanda, haina sindano, inafanya kazi ya kuzuia paka asipite.

Walikubali ziara kwa shingo upande, tena kwa sababu moja tu. Baada ya ziara, Wifi Mfupi alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali sana, huko kwa kwenda na ndege. Wasingeimba sasa, kila mmoja angebaki na nusu yake mpaka azikwe nayo. Na uliokuwa kwenye hatari kuliko zote ni wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto. Mama alikuwa akiuimba mguu uko kwenye cherehani na mjukuu yuko mapajani. Nyimbo nyingine walizikubali. Huo, kila mmoja alimwambia mkurugenzi kivyake, "Huo hapana." Mkurugenzi akasihi mpaka akachoka. Ndio uliomfanya aitafute albamu yenyewe, maana aliwahi kuusikia kwa yule mama dirishani akiwa mpangaji wa jirani, asiukumbuke hata mstari mmoja.

Tukaondoka. Wifi Mrefu alikaa mbele, pembeni mwa dereva. Wifi Mfupi alikaa nyuma kabisa, akizungukwa na spika na mablanketi kama malkia gerezani. Fundi mitambo wetu, tunayemwita Masikio kwa kuwa humsikia mbu akitua ukutani, alijiziba masikio yake ya thamani na pamba, akalala. Mimi, msaidizi wake wa nyaya, nilikaa katikati na mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa wa kunyonya na kulia tu. Niliwasikia wote.

Hawakuwa wakisemeshana hata kidogo. Kila kitu kilipita kwa dereva. Na kwa kuwa injini ya Bibi Harusi inakoroma, maneno ya mbele hayafiki nyuma mpaka mtu azunguke nayo, na hata gari likisimama injini haizimwi, kwa kuogopa kusukuma. Basi Mzee akawa anasimama. Kila mara alisema rejeta inachemka, inataka maji. Alishuka na galoni, akafunua boneti, kisha akazunguka hadi mlango wa nyuma eti kukagua spika, akapeleka ujumbe, akachukua majibu, akarudi. Nilikuwa namhurumia kwa rejeta ile. Siku tuliyorudi, makanika aliikagua akasema haijawahi kuvuja tangu itengenezwe.

Ujumbe wa kwanza ulitoka mbele hivi: "Mwambie huyo aliyeko nyuma, kama haya hana, aseme nishuke nikamnunulie."

Ulipofika nyuma ulikuwa hivi: "Wifi yako anauliza, upepo unakutosha huku?"

Wifi Mfupi akavuta kitenge chake begani. "Mwambie upepo unanitosha, na kelele zake zimenitosha zaidi."

Mzee akazunguka, akapanda, akafunga mkanda, akasafisha koo. "Anasema hajambo, anakushukuru kwa kumkumbuka."

Wifi Mrefu akamtazama kwa jicho moja. "Huyu? Kasema hivyo?"

"Neno kwa neno," akasema Mzee Taratibu, akatia gia.

Hayo yalikuwa ya siku ya kwanza. Mkononi mwake, matusi yaliondoka yakiwa mabichi yakafika yameiva. "Mwongo mkubwa" ilifika "mtu mwenye mengi ya kusimulia." "Asinitazame jukwaani" ilifika "anaona haya unapomtazama, anasema unaimba vizuri mno." Mimi nilikuwa nabana kicheko mpaka mtoto akawa anatikisika mapajani.

Ila jukwaani hakukuwa na dereva wa kupeleka maneno. Waliimba, na sauti zao ni za kuzaliwa nazo, lakini waliimba kama watu wanaosomeana mashtaka. Mmoja akianzisha, mwingine anapokea kwa namna ya kumrudishia chake. Watazamaji walipiga makofi ya adabu. Baada ya ukumbi wa tatu Masikio alivua visikilizio vyake akasema, "Nina sauti mbili safi kabisa. Wimbo sina hata mmoja." Mkurugenzi akapiga simu, akasema ukumbi wa nne ukiwa hivyohivyo, tufunge nyaya turudi, albamu hakuna.

Nadhani ndipo Mzee alipozidisha. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta asubuhi ya ukumbi wa nne, akajaza tangi, akaenda kwa Wifi Mfupi, akamwambia kwa sauti ya msibani kwamba wifi yake ameshindwa kustahimili, anaomba radhi kwa yote, lakini anaona aibu kulisema uso kwa uso. Wifi Mfupi akageuza uso dirishani. Mzee akazunguka mbele, akamwambia Wifi Mrefu habari hizohizo kutoka upande wa pili. Wifi Mrefu naye akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Hakuna aliyekuwa ameagiza lolote. Asubuhi hiyo yote walichokuwa wamesema ni mmoja kuomba maji na mwingine kulalamika juu ya spika iliyokuwa ikimchoma ubavu.

Tangu hapo yakaanza mambo ya ajabu. Wifi Mrefu alituma chupa ya maji ya baridi nyuma. Nyuma ikarudisha ndizi mbili. Kila mmoja alikuwa ameamua kuwa mkubwa, kumsamehe mwenzake kimyakimya asimwaibishe. Mzee aliendesha akitabasamu mpaka nikaogopa tutaingia mtaroni.

Ukumbi wa nne ulikuwa wa shule, mchana, viti vya mbao vinavyolia mtu akihema. Watu walijaa. Waliimba nyimbo mbili, na kwa mara ya kwanza Masikio aliketi wima. Zilikuwa na joto. Kisha Wifi Mrefu akaisogelea maikrofoni, akasema kwa furaha yake yote, "Kabla hatujaendelea, namshukuru wifi yangu mbele yenu. Ameniomba radhi leo asubuhi, nami nimempa kwa moyo mweupe."

Wifi Mfupi akageuka. "Nani kaomba radhi?"

"Wewe, wifi. Usione haya."

"Mimi? Si wewe ndiye uliyeniomba, pale kwenye mafuta? Nikakuhurumia nikakutumia na ndizi?"

"Nikuombe radhi kwa lipi? Cherehani umechukua wewe, radhi niombe mimi?"

Halafu, kwa pamoja, kama walikuwa wamefanya mazoezi mwezi mzima, vichwa vyote viwili viligeuka pembeni mwa jukwaa, pale aliposimama Mzee Taratibu na blanketi la maikrofoni begani.

"Dereva!"

Alipanda jukwaani. Mnajua mwendo wake. Watu walikuwa wameanza kucheka kabla hajafika ngazi ya pili. Wifi Mrefu akamuuliza mbele ya ukumbi mzima ni maneno gani aliyokuwa akiyapeleka safari yote. Mzee akakunja blanketi, akalikunja tena, akasema, "Mama zangu, mimi niliajiriwa kufikisha watu na vyombo. Maneno hayakuwa kwenye mkataba."

"Kumbe alikuwa anatuuza!" akasema Wifi Mfupi.

"Na bei ya chini!" akasema Wifi Mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana jambo katika safari yote ile, na jambo lenyewe lilikuwa kwamba dereva aadhibiwe. Wifi Mrefu akamsukumia maikrofoni. "Aimbe. Kila mtu hapa aone tulichokuwa tumepanda nacho gari moja."

Masikio alikuwa akinifanyia ishara kwa mikono yote miwili nichomoe waya. Waya ulikuwa mguuni pangu. Nilikuwa na mtoto mgongoni ameanza kulia, na sijui nieleze vipi, sikuuchomoa.

Mzee akafumba macho, akaimba. Na wimbo alioutoa, kwa sauti ile yenye kutu, ulikuwa ule wa kubembelezea mtoto.

Ngojeni niwaeleze aliupata wapi. Njia nzima, mwanangu akilia, Wifi Mrefu alikuwa akiinama kutoka kiti cha mbele na kumvumia kidogo kidogo, ule mwanzo anaoujua yeye. Tukisimama kwa ajili ya ile rejeta, Wifi Mfupi alikuwa akimpokea mtoto ili mimi ninyooshe mgongo, naye akimvumia mapokeo yake nyuma ya gari. Mmoja hakumsikia mwenzake. Dereva aliwasikia wote wawili. Mimi pia niliwasikia, lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeimbiwa wimbo wa taifa nisingeujua.

Basi Mzee akaushona ule wimbo alivyoweza yeye. Mwanzo akauweka katikati. Mapokeo akayatanguliza. Pale pa kushuka akapanda, pale pa kupanda akakohoa. Wifi Mrefu alistahimili mstari mmoja, wa pili ukamshinda.

"Siyo hivyo!" akasema, akamnyang'anya maikrofoni. "Unaanzia hapa." Akaanzisha, amuonyeshe tu.

"Na hapo ndipo panapopokelewa," akasema Wifi Mfupi kwa ukali, "sio alipopokelea huyu." Akapokea, amuonyeshe tu.

Wakaendelea kumuonyesha. Mstari wa tatu ukali ulikuwa umeisha. Mstari wa nne walikuwa wamegeukiana, na Wifi Mrefu alikuwa akipiga mguu chini polepole, kama mtu anayekanyaga cherehani. Mzee alisimama katikati yao na blanketi lake, na kila wakifika mapokeo aliitikia, maskini, hakuweza kujizuia, na hakuna aliyemnyamazisha. Wimbo uliisha wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, mahali alipokuwa akiumalizia yule mama. Mwanangu alikuwa amelala. Masikio alibaki amesimama, mikono juu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Huo ndio wimbo wa mwisho kwenye albamu ya *Wawili Gari Moja*, ambayo imekwenda mbali kuliko kazi yoyote iliyotoka hapa kwetu. Ugomvi wa jukwaani uliachwa ulivyo, kicheko cha ukumbi kiliachwa. Mkurugenzi alitaka jambo moja tu, sauti ya dereva iondolewe kwa ustadi. Wifi Mrefu alikuja ofisini mwenyewe, na Wifi Mfupi alikuwa kwenye simu kutoka huko kwa mwanawe, wakasema mmoja baada ya mwingine kama kawaida yao: ukimtoa yeye, tutoe na sisi. Ndiyo maana nyuma ya jalada, chini ya majina ya waimbaji, imeandikwa: "Mwitikiaji: dereva." Jalada hilo Mzee amelibandika kwenye kioo cha Bibi Harusi, pale inapotakiwa ikae stika ya bima. Na lile tangazo la mlango wa studio limeongezwa maneno mawili: "HASA WEWE."

Kama alikusudia au hakukusudia, nimemuuliza mara nyingi. Husema rejeta ilikuwa inachemka.

Mzee wetu, umewafundisha kazi madereva waliopita hapa. Umemngoja kila mama wa ofisi hii acheulishe mtoto wake ndipo uondoe gari, na mkurugenzi akikupigia simu uko wapi ulisema uko njiani. Umetufikisha. Kwa hayo studio nzima inakushukuru, na mimi nakushukuru zaidi. Lakini kwa kuwa umetuambia mengi kwa upole, acha nami nikuambie moja kwa ukali. Dawa za presha zinamezwa kila siku, si siku unayojisikia vibaya. Mke wako amenipa namba yake, na nitaitumia.

Zawadi yako utakabidhiwa siku ya hafla. Ni nzito, ina kanyagio, na haina sindano. Usiulize. Wawili wale wameshindwa kukubaliana nani aichukue, wakakubaliana apewe mtu wa tatu. Wameniagiza pia maneno. Wifi Mrefu amesema: "Mwambie huyo mzee mwongo asidhani tumemsamehe. Nampa mimi, iwe mbali na wifi." Wifi Mfupi amesema kwa simu: "Mwambie huyo mzee mbea anayempa ni mimi, wifi hana cha kumpa mtu. Na asithubutu kuimba kwenye hafla."

Mzee Taratibu, nimeyazungusha nyuma ya gari kama ulivyonifundisha, na haya ndiyo yaliyofika: wanasema asante sana, wanakuombea uzee wenye raha na njia isiyo na mashimo, na wanakusihi uitikie.

Neno kwa neno.